Maswali yenu: Sahara haiko nyuma ya Marrakech

Barua nilizopokea mara hii karibu zote zinahusu safari za Morocco, na nyingi zinauliza jambo lile lile kwa maneno tofauti: Marrakech na matuta ya Sahara ndani ya siku tatu. Nimechagua chache. Zinazouliza bei ya tiketi ya ndege nimeziacha, kwa sababu bei ya leo si ya kesho, na wakala wa mtaani kwako anaijua kuliko mimi.

Tuko wanne, tunatoka Dar. Tunafika Marrakech Ijumaa jioni na kuondoka Jumatatu alfajiri. Tunataka kuzunguka mji wa kale na kulala usiku mmoja kwenye matuta makubwa ya mchanga. Tupangie ratiba. (Msomaji, Kinondoni)

Siwapangii, maana ratiba hiyo haipo. Matuta mnayoyaona kwenye picha ni Erg Chebbi, pale kijiji cha Merzouga, karibu na mpaka wa Algeria. Kutoka Marrakech ni kilomita kama 560. Chukueni Dar hadi Moshi, halafu katikati ya njia wekeni milima ya Atlas, kona juu ya kona, mkapite kipito cha mlima cha Tizi n'Tichka kwenye mita 2,260. Dereva mkweli atawaambia ni mwendo wa saa tisa hadi kumi, bila kuhesabu kula na kujinyoosha. Kwenda siku nzima, kurudi siku nzima. Mji mtauona saa ngapi?

Nayasema haya kila mara na nitaendelea kuyasema, kwa sababu safari yangu ya kwanza niliuziwa hiyo hiyo. Tulifika Merzouga jua linazama, tukapandishwa ngamia haraka haraka, tukala, tukalala, tukaamshwa kabla ya alfajiri ili tuwahi kurudi. Mama mmoja tuliyekuwa naye alitapika tangu Tichka hadi Ouarzazate, na kesho yake akaipanda njia ile ile tena. Kampuni iliyotuuzia haikumwambia hata mmoja wetu ni kilomita ngapi.

Kwa hiyo chagueni. Ama mbaki Marrakech usiku zote tatu na Sahara iwe ya safari nyingine, ama muongeze siku zifike sita: usiku mmoja njiani, bonde la Dades au mji wa Ouarzazate, na usiku mbili Merzouga. Nasisitiza mbili. Siku ile katikati, ambayo huna pa kuwahi, ndiyo mtakayokumbuka. Mtatoka hemani peku, mchanga wa alfajiri baridi kama sakafu ya saruji, na juu yake nyayo za mende wa usiku zimepangana kama mshono wa cherehani. Siku za joto, ikifika saa nne au tano mchanga huo huo hauwezi kukanyagwa.

Wakala anasema kuna jangwa la Agafay, chini ya saa moja kutoka Marrakech. Kwa nini huwa hulitaji?

Lipo, na ni la mawe na udongo mkavu. Matuta ya mchanga halina. Jioni ni pazuri, Atlas ikiwa mbele yako, na mwenye siku tatu tu aende huko kwa moyo mweupe. Lakini anayekuuzia Agafay kwa jina la Sahara amekudanganya kwenye jambo kubwa, na chakula na hema mkague wenyewe kabla ya kulipa.

Na Zagora?

Ni mji wa kusini, kilomita 350 hivi kutoka Marrakech, matuta madogo. Makubwa ya upande huo ni Erg Chigaga, mbele ya kijiji cha M'hamid, na huko ni gari la 4x4 na dereva mwenyeji.

Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa historia, Lindi. Nimefundisha miaka mingi jinsi Ibn Battuta alivyofika Kilwa. Nikienda Morocco nifuate nyayo zake wapi? Wenzangu wananiambia Marrakech.

Marahaba, mwalimu. Barua yako imenifurahisha kuliko zote. Marrakech ni nzuri, lakini wewe anzia Fes.

Ibn Battuta alizaliwa Tangier mwaka 1304. Mwaka 1331 alilala Mombasa usiku mmoja, kisha akafika Kilwa, akauhesabu mji ule miongoni mwa miji mizuri. Lakini hayo tunayajua kwa sababu ya Fes. Alirudi huko baada ya safari zake, Sultani Abu Inan wa ukoo wa Marini akaamuru asimulie yote aliyoyaona, na mwandishi Ibn Juzayy akayaandika. Kazi ikakamilika mwaka 1355. Madrasa ya Bou Inania, aliyoijenga sultani huyo huyo miaka hiyo hiyo, bado imesimama. Ingia, kaa uani karibu na hodhi, tazama mbao za mwerezi zilivyochongwa. Ile Kilwa unayowasomea wanafunzi wako ilisimuliwa katika mji huo.

Kisha shuka kusini, kilomita 470 hivi hadi Merzouga. Kabla ya kufika unapita Rissani, na nje kidogo ya mji kuna kuta za udongo zilizomomonyoka. Hiyo ndiyo Sijilmasa, iliyokuwa bandari ya jangwa kama Kilwa ilivyokuwa bandari ya bahari: dhahabu ikitoka kusini, chumvi na nguo zikiteremka. Mwaka 1352 Ibn Battuta aliondoka hapo na msafara wa wafanyabiashara, akatembea siku 25 hadi Taghaza, kijiji ambacho anasimulia kwamba nyumba na msikiti wake vilijengwa kwa mabamba ya chumvi na kuezekwa ngozi za ngamia. Madereva wengi hupita Sijilmasa bila kupunguza mwendo kwa sababu hapana duka. Mwambie asimame. Mwambie tangu Fes, mkiwa bado hamjalipana, kwamba utasimama hapo saa nzima.

Ukimaliza Merzouga usirudi Fes. Endelea magharibi kwa makorongo ya Todra na Dades na kijiji cha ngome za udongo cha Ait Benhaddou, uingie Marrakech mwishoni na kuondokea hapo. Hii ndiyo safari ninayowapigania wasomaji wote, wawe walimu au la: unaingilia mji mmoja, unatokea mwingine, na hakuna njia unayoirudia. Ipe siku nane.

Je, Mtanzania anahitaji viza ya Morocco?

Ndiyo. Mkenya naye aulize kabla ya kukata tiketi. Balozi za Morocco ziko Dar na Nairobi, zinajibu, na masharti hubadilika. Nimejibu swali hili mara nyingi mno. Tafadhali, ulizeni wanaotoa viza.

Ili kuokoa siku, mimi na rafiki yangu tutakodi gari na kuvuka Atlas usiku, tuamkie Ouarzazate. Barabara si ni ya lami?

Ni ya lami, na imepanuliwa sehemu nyingi. Msifanye hivyo. Septemba 2012 basi lililokuwa likitoka Zagora kwenda Marrakech lilitumbukia bondeni usiku katika milima hiyo hiyo, wakafa watu 42. Lile lilikuwa na dereva wa kazi. Ninyi hamjawahi kuiona njia, mmetoka kwenye ndege, na mnaendesha upande wa kulia mkiwa mmezoea kushoto. Malori yanapanda polepole, wenye haraka wanayapita kwenye kona. Wakati wa baridi Tichka huanguka theluji na barabara huweza kufungwa. Vukeni mchana, mkisimama. Mkipenda zaidi, pandeni basi la CTM au Supratours, mtazame milima dirishani.

Na kwa kuwa mmetaja kuokoa siku: siku haiokolewi kwa kulala nusu njia na kuamka mmechoka. Punguzeni sehemu za kwenda.

Jangwani mvua hainyeshi, kwa hiyo mwezi wowote ni sawa?

Hainyeshi mara nyingi, lakini ikinyesha ni hatari kuliko ya kwetu, kwa sababu ardhi haiimezi. Mwaka 2006 mafuriko yaliua watu Merzouga kwenyewe na kubomoa nyumba za udongo. Septemba 2024 yalipiga tena kusini mashariki, yakaua, na ziwa Iriqui, lililokuwa kavu kwa nusu karne, likajaa maji. Ukikuta korongo linapitisha maji ya udongo, hata kama yanaonekana ya magotini, simama na ungoje. Usimsikilize dereva mwenye haraka.

Miezi mizuri ni Machi, Aprili, Oktoba na Novemba, ingawa masika yao huja na pepo za mchanga. Julai na Agosti usiende jangwani. Joto hupita nyuzi 45, na ngamia anayekubeba hapo naye ana roho.

Tunaenda Desemba na watoto wawili. Sweta moja moja zitatosha?

Hazitoshi. Mchana watavua, usiku jangwani huweza kukaribia nyuzi sifuri. Wavae soksi za sufu, kofia, na nguo ya ndani ya kubana. Beba kanga mbili kila mmoja: moja kilemba cha kuzuia mchanga, nyingine ya kujifunika. Wakati wa kupanda ngamia waambieni waegemee nyuma, kwa sababu anainua miguu ya nyuma kwanza na mtoto hutupwa mbele. Mwenye kuumwa mgongo asipande. Matuta yanafikika kwa miguu pia.

Na watoto wasipandishwe pikipiki za magurudumu manne. Zinapinduka kwenye matuta, na zinawanyima wengine utulivu waliousafiria.

Nimeona kina mama wanachora hina uwanja wa Jemaa el-Fnaa, Marrakech. Binti yangu ana harusi mwezi unaofuata, tuchorwe hapo?

Hapana, mama. Na nyie wa Pwani mnajua kwa nini kuliko mtu yeyote. Hina halisi huanza rangi ya chungwa, ikakolea kuwa ya kahawia, na inataka saa kadhaa mkononi. Inayotoka nyeusi tii ndani ya muda mfupi ina PPD, kemikali ya rangi ya nywele, ile ile ya piko. Inababua ngozi, inatoa malengelenge, na ngozi ya aliyedhurika mara moja inaweza kuzikataa rangi za nywele maisha yote. Msichana mmoja nilimwona uwanjani pale akishikwa mkono na kuchorwa kabla hajasema ndiyo wala hapana, kisha akadaiwa pesa nyingi. Mikono mifukoni, "la, shukran", na miguu isisimame.

Kwa nini nimekaza sauti? Kwa sababu uwanja ule una thamani kubwa kuliko hayo. UNESCO iliutambua mwaka 2001 kwa ajili ya utamaduni wake, wakiwemo wasimulizi wa hadithi, si kwa ajili ya nyani waliofungwa minyororo. Ukimlipa mwenye nyani, kesho ataletwa mwingine kutoka msituni, na nyani hao wako hatarini kutoweka. Mpe dirhamu zako msimulizi, hata kama humwelewi.

Kiarabu changu cha madrasa kitanisaidia?

Cha kusoma vibao, ndiyo. Sokoni wanasema Darija, Kiarabu cha mtaani cha Morocco, na vijiji vingi vya Atlas ni Tamazight, lugha rasmi ya nchi tangu katiba ya 2011. Utashika maneno: sukari, asali, sabuni. Angalia moja tu. Ukisikia "safi" hujasifiwa. Maana yake ni basi, imetosha, tumemaliza. Wengi wetu tunatabasamu na kuendelea kupunguza bei, na mwenye duka anaanza kukunja zulia lake.

Rafiki yangu si Mwislamu. Ataruhusiwa kuingia msikiti wa Koutoubia, Marrakech?

Hapana. Msikiti wa Hassan II, Casablanca, unapokea wageni wa dini zote kwa saa maalumu. Madrasa za kale, kama Ben Youssef ya Marrakech, ziko wazi kwa kila mtu.

Chakula gani tusikose Marrakech?

Tanjia. Usichanganye na tajine, kitoweo cha kwenye chungu chenye kifuniko kilichochongoka. Nyama hutiwa kwenye mtungi wa udongo pamoja na kitunguu saumu, bizari nyembamba, zafarani na ndimu ya chumvi, mdomo ukafungwa kwa karatasi, kisha mtungi ukapelekwa kwa mchochea moto wa hamamu, yaani bafu la umma la mvuke, auzike kwenye majivu ya moto kwa saa nyingi. Ikitoka unaivunja kwa mkate, kisu hakihitajiki. Agiza mapema. Ijumaa mchana iache kwa kuskusi, maana siku hiyo ndicho chakula cha kila nyumba baada ya swala. Ninyi wa Kinondoni mnaofika Ijumaa jioni mtakuta sahani zinaoshwa.