Kishikwambi Ndani ya Daftari la Hisabati

Kazi yangu ni kuzunguka Mji Mkongwe wa Unguja nikiandika hali za nyumba: ukuta upi umepasuka, dari ipi boriti zake zimeliwa na mchwa, mlango upi umeng'olewa na mahali pake pakatiwa geti la chuma. Kazi hiyo haifanyiki bila ya kishikwambi, kwa kuwa ramani, picha na vipimo vyote vimo humo. Changu cha kwanza nilinyang'anywa mchana kweupe na vijana wawili waliopanda vespa, nami nimesimama pembezoni mwa njia ya Darajani nikikikodolea macho kama mtu aliyeko sebuleni kwake. Cha pili niliamua kukivisha nguo ya daftari. Nayaandika haya kwa anayetaka kufanya hivyo hivyo, ingawa kusema kweli yale niliyojifunza baadaye kuhusu penseli yamenifaa kuliko jalada lenyewe.

Nilianza kwa kosa. Nilinunua kaunta buku la kwaya tatu, lile nene lenye kurasa 288, nikazipaka kingo zake gundi nyeupe ya seremala, nikaligandamiza kwa matofali usiku kucha, kisha nikalichimba kwa wembe na rula ya chuma mpaka likapata shimo la kukitosha kishikwambi cha inchi 8. Kwa macho lilipendeza. Lakini karatasi ni blanketi, na joto linalotoka kwenye kifaa halikuwa na pa kupitia. Vifaa vingi vya aina hii vimeundwa kufanya kazi katika hewa isiyozidi nyuzi 35 za Selsiasi, na kitu kilichoachwa juani hapa kwetu mwezi wa Februari hukivuka kiwango hicho kabla hujamaliza kikombe cha kahawa. Saa saba mchana kishikwambi kiliniandikia kwamba kinahitaji kupoa, kikazima. Betri ya lithiamu inayokaa kwenye joto kila siku huchakaa upesi, na pengine huvimba. Ukiwa umeifukia ndani ya kurasa zilizogandishwa, hata hiyo dalili ya kuvimba hutaiona. Ilipoingia masika gundi nayo ikalainika, kurasa zikaanza kutoa harufu ya uvundo, na kaunta buku likaishia jikoni kuwashia mkaa.

Ninalotumia sasa halina shimo. Nilichukua kaunta buku jingine, nikazitoa kurasa zote, nikabaki na yale magamba mawili magumu na uti wake. Upande wa kulia nilishonea lastiki nne za pembeni, zile za viuno vya suruali, zikishike kishikwambi bila ya kukifunika mgongo wote, na upande wa kushoto nikafunga karatasi nzito za kuchorea kwa uzi. Kwanza nililitia sumaku ya kulifungia, nikaiondoa siku ile ile, kwa sababu vishikwambi vingi vina kihisi kinachozima kioo kikikaribiwa na sumaku, na changu kilikuwa kikilala katikati ya kila sentensi. Nje nililivalisha karatasi ya kaki kama tulivyokuwa tukiyavalisha madaftari ya shule, nikaandika kwa kalamu ya wino: Hisabati, Darasa la Saba. Sijapata kukutana na mwizi wa Hisabati.

Mambo mawili yaliyobaki ni mafupi. Ukifika bandarini kusafiri, kitoe kifaa ndani ya jalada kabla hujaambiwa, maana kifaa cha umeme kilichojificha ndani ya kitabu kinaweza kumtia wasiwasi askari yeyote, naye atakuwa na haki. Na jalada lisitobolewe tundu la kamera. Nimeshaombwa zaidi ya mara moja nimtengenezee mtu jalada lenye tundu, ili awapige watu picha bila ya wao kujua, nimekataa. Nguo ya daftari ni ya kumficha kitu mwizi. Mtu uliyeketi naye barazani kwake si mwizi, na uso wake si wako.

Zile karatasi za upande wa kushoto nilizitia kwa ajili ya uongo tu, ili atakayefungua aone daftari kweli. Sasa, daftari tupu linalobebwa kila siku nalo linatia shaka, kwa hiyo nikaanza kuchora milango. Mimi si mchoraji. Mkono wangu ni wa kupima kuta, na mistari yangu huenda kombo nikiondoa rula.

Jioni moja baada ya alasiri nilikuwa nimekaa Mkunazini nikichora mlango wa mbao mbili, wenye mfaa, yaani ule mti wa katikati zinapokutana mbao hizo, na nakshi ya mnyororo kwenye fremu na mayungiyungi chini yake. Barazani walikuwapo wazee watatu na muuza kahawa, na kwa muda wa miezi miwili niliyokuwa nikipita pale na kishikwambi mkononi hawakuwahi kunijibu zaidi ya salamu. Mmoja alisogea, akakiangalia kile nilichochora, akaweka kidole juu ya karatasi. Kidole kilikuwa na tone la kahawa, na alama yake ipo mpaka leo.

"Mfaa wako umeusimamisha peke yake, mwanangu, kama nguzo ya banda," alisema. "Mfaa haukai hivyo. Umepigiliwa kwenye ubao mmoja, ndio ule wa pili ukaja kuuegemea."

Nilikuwa nimeupima mlango ule mara mbili, na wala sikuwa nimeliona hilo. Nilipofuta na kuchora upya, wa pili naye akasogea kusahihisha mnyororo, kisha mazungumzo yakaingia ndani ya nyumba. Niliambiwa kwamba vyumba vyetu ni vyembamba, vya mita tatu hivi, kwa kuwa upana wake umefuata urefu wa boriti ya mkoko, wala fundi hakuwa na la kufanya. Hayo yameandikwa katika ripoti, nayajua. Lakini hakuna ripoti iliyoniambia chumba kipi kati ya vile vya pale kiliongezwa boriti, mwaka gani, na kwa ugomvi wa nani na nani.

Nimelifikiria sana jambo hili, na ninavyoona siri yake ni makosa. Kioo cha kishikwambi hakimpi mtu nafasi. Kimeshajua kila kitu, na anayekitazama anahisi anaandikwa. Mchoro ulio kombo unamwita mwenye nyumba aje aunyooshe. Kule Wete, Pemba, nilichora karafuu zilizoanikwa kwenye jamvi, nikazichora zimechanua vizuri kama maua ya kwenye kitambaa, na bibi aliyekuwa akizitenga na makonyo alicheka mpaka akaacha kazi. "Hii ishafunguka, mwanangu, haina mnunuzi," akaniambia, akanionyesha kwa ukucha kijicho kilichofumba cha karafuu inayotakiwa. Nilikaa pale mpaka adhana ya magharibi.

Kwa hiyo ukitaka kujaribu, toa salamu kwanza, kisha ukae panapoonekana, usijibanze uchochoroni. Anza na kitu kisichoona haya: mlango, buli la kahawa, ngalawa iliyopinduliwa. Mtu usimchore mpaka akuambie mwenyewe, na mwanamke aliyekaa mlangoni kwake usimchore kabisa bila ya idhini yake. Ligeuze daftari liwaelekee wao. Usiugune mchoro wako mwenyewe, maana hapo utalazimisha sifa, na sifa hufunga mazungumzo. Watoto wakikuzunguka wape karatasi moja na penseli, vinginevyo hutafanya kazi. Penseli ya 4B inatosha. Wino haukubali kusahihishwa, nawe unataka kusahihishwa.

Lililobaki ni la aibu kidogo. Kwa wiki kadhaa baada ya siku ile ya mfaa, niliendelea kuandika maelezo ya wazee wale upande wa kulia wa jalada, nikiwa nimeliinua kidogo ili wadhani bado nachora. Siku moja giza likatukuta, kwenye saa kumi na mbili na nusu, na umeme wa mtaa ulikuwa umekatika. Mzee yule alikuwa akihadithia namna milango ilivyokuwa ikiuzwa na kupakiwa, akanyamaza, akanikazia macho.

"Mwanangu," akasema, "daftari gani hilo linalokumulika kidevu?"

Wenziwe walicheka kwa pamoja, na nikatambua kuwa wote walikuwa wakijua siku nyingi. Nikalifungua, nikaliweka bapa juu ya baraza, kioo kikiwaka baina ya vikombe. Aliinama akasoma niliyoyaandika, akaniomba nirudi nyuma, akasema jina la fundi nimelikosea herufi mbili.