Anayelijua jibu anyamaze

Swali lenu la wiki hii linauliza: "Ni burudani gani hainogi ukiwa peke yako?" Kwangu mimi ni mafumbo ya kuchemsha bongo. Najua wapo watakaoshangaa, maana fumbo huhesabiwa kuwa kitu cha mtu kujifungia nacho chumbani na karatasi yake. Nimejaribu hivyo. Nikiwa peke yangu, nikikwama kidogo tu natafuta jibu kwenye simu, na kesho yake nimeshalisahau.

Tuko wanne, hapa Ngamiani, Tanga. Mwenye baraza ni fundi cherehani, mwingine ni fundi umeme, wa tatu anaendesha bodaboda, na mimi nafundisha shule ya msingi. Tunakutana kila Alhamisi baada ya isha, muuza kahawa akishatumiminia. Kwa zamu, mmoja analeta fumbo. Sheria yetu ni moja: anayelijua jibu anyamaze, hata kama wenzake watakesha.

Tulianza na yale ya utotoni. Mtu anataka kuvuka mto na chui, mbuzi na majani bila kimoja kumla mwenzake, na mtumbwi unambeba yeye na kimoja tu kati ya hivyo. Ulaya wana lao la mbwa mwitu, mbuzi na kabichi, na limo katika maandishi ya zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Ugumu wote uko mahali pamoja: lazima mbuzi umrudishe ulikomtoa. Nimeliuliza darasani mara nyingi, na watoto hukwama palepale wanapokwama watu wazima.

Halafu likaja la ngamia 17. Baba kafariki, kaacha wosia: mtoto wa kwanza apewe nusu, wa pili theluthi, wa tatu sehemu moja ya tisa. Fundi cherehani alimwaga visoda 17 vya drafti mkekani, akaongeza cha 18 kama ngamia wa jirani, akagawa: 9, 6, 2. Kisoda cha jirani kikabaki, akakirudisha mfukoni. Tulishangilia, isipokuwa wa bodaboda. Alikaa kimya, akachora mchangani, kisha akasema, "Kaka, hizi sehemu zenyewe hazikutimia tangu mwanzo." Tukajumlisha. Kweli, zinafika sehemu 17 tu kati ya 18. Fumbo lile nilikuwa nalo miaka mingi na sikuwahi kuzijumlisha sehemu zile.

Lakini usiku ninaoukumbuka kuliko yote ni ule wa milango mitatu. Nyuma ya mlango mmoja kuna gari, nyuma ya miwili kuna mbuzi. Unachagua mmoja. Mwendesha mchezo, anayejua gari liko wapi, anafungua mlango mwingine na kukuonyesha mbuzi, kisha anakuuliza: unabaki na mlango wako au unahamia ule uliosalia? Wote watatu walisema hakuna tofauti, ni nusu kwa nusu.

Hawakuwa peke yao. Mwaka 1990 Marilyn vos Savant, mwandishi wa safu ya maswali ya wasomaji, aliandika katika jarida la Parade la Marekani kwamba kuhama ni bora, akapokea maelfu ya barua za kumpinga, nyingine zikitoka kwa wenye shahada za uzamivu. Hata Paul Erdős, mwanahisabati mkubwa wa Hungaria, hakukubali mpaka alipoonyeshwa majaribio ya kompyuta. Hayo niliyajua, na zamu ilikuwa yangu, kwa hiyo nilinyamaza. Ilinibana kooni.

Fundi umeme ndiye aliyesema, "Basi tulicheze." Akafunika vikombe vitatu vya kahawa, chini ya kimoja akaficha kokwa ya tende. Wa bodaboda akawa anachagua, na raundi hizo za mwanzo hakuhama hata mara moja. Mimi niliuangalia mkono wa fundi. Safari nyingine ulielea juu ya vikombe viwili, ukisita ufunue kipi. Safari nyingi zaidi haukusita, ulikwenda moja kwa moja. Baada ya raundi kama 20 akauacha mkono hewani na kusema taratibu, "Jamani, mara nyingi sina la kuchagua. Akikosea mwanzoni, mimi nimebakiwa na kikombe kimoja tu cha kufunua, na kokwa iko kwenye hicho kingine." Na mwanzoni mtu hukosea mara mbili katika tatu. Ndiyo hesabu yote.

Ndiyo maana nawajibu hivi. Peke yako huwezi kujifichia kokwa. Lazima awepo anayeficha na anayetafuta, na siku ile aliyeelewa kwanza alikuwa yule aliyeficha, kwa sababu mkono wake mwenyewe ndio uliokosa pa kwenda. Kama ningelisema jibu dakika ile ya kwanza, ningemnyang'anya kitu ambacho hakuna kitabu kingempa.

Wa bodaboda hakuridhika usiku ule. Alhamisi iliyofuata alikuja na vikombe kumi alivyoazima kwa muuza kahawa, akavipanga mstari mmoja mkekani, akamwomba fundi afiche. Akachagua kimoja. Fundi akafunua vinane, kimoja baada ya kingine, vyote vitupu. Vikabaki viwili, chake na kile ambacho fundi hakukigusa. Alivitazama kidogo, kisha akauhamisha mkono bila kumuuliza mtu.