Barua kwa mwanangu: kuhusu mtoto na rampu

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma mara tatu. Unasema mjukuu wangu ana miaka 9, anataka kuanza skeitibodi, ule ubao wa magurudumu, zile za kushuka rampu, yaani mteremko wa kutengenezwa, mumeo hataki hata kusikia, sasa unauliza mama ungekuwa wewe ungemruhusu? Mi ningemruhusu, ila nisikilize kwanza.

Umri peke yake haunipi jibu. Olimpiki ya Tokyo, 2021, binti wa Uingereza, Sky Brown, alichukua shaba ya skeitibodi ana miaka 13, na mwaka mmoja kabla ya hapo alianguka akapasuka fuvu na mkono ukavunjika, lakini alirudi. Alafu kuna Jessica Dubroff wa Marekani, mtoto aliyekuwa anajifunza urubani, miaka 7 tu, mwaka 1996 walikuwa wanavuka nchi nzima kwa ndege ndogo, yeye na baba yake na mwalimu wake wa urubani, ratiba imebana, waandishi wanawasubiri, wakapaa hali ya hewa mbaya pale Cheyenne, ndege ikaanguka wakafa wote watatu. Mi kinachoniuma pale ni ile ratiba. Mtoto wa miaka 7 ataanzaje kuwaambia wakubwa jamani leo tusiende?

Na hili silisemi kwa kusoma tu. Ule mwamba wa kurukia majini unaukumbuka? Ulikuwa na miaka 9 hiyohiyo. Vidole vya miguu umevikunja vimeng'ang'ania jiwe, kidevu kinatetemeka, ukanigeukia ukasema mama, kesho. Mi nikaona watu kule chini wanakupigia makofi nikakwambia ruka bwana, wote wanakusubiri wewe. Ukaruka, ukatua vibaya, mtulinga ukavunjika. Pengine ulishasahau. Sijawahi kukuomba msamaha kwa hilo, nakuomba leo.

Kwaiyo ukienda naye, akisema leo sitaki mshushe, tena usimuulize kwanini mbele ya wenzake. Simu yako iache mfukoni kabisa, mtoto akiona anarekodiwa atashuka hata pale roho yake inapokataa. Helmeti ikae vidole viwili juu ya nyusi, isiwe imelala kisogoni kama wanavyopenda, na kamba ya kidevu ibane. Akigonga kichwa, hata kama kanyanyuka anacheka, siku hiyo ndo imeisha, na harudi mpaka daktari aseme, maana ubongo ukipigwa mara ya pili kabla ya ile ya kwanza haijapona unaweza kuvimba ukamuua. Mkono ukivimba usikande, nenda kapige picha, mifupa ya watoto ina sehemu laini karibu na viungo ndo inakorefukia, ikiumia hapo inaweza kukua imepinda.

Na aanzie ile rampu fupi hata kama wenzake wako juu.

Mumeo usibishane naye, anaogopa na ana haki ya kuogopa. Mpe simu jioni nitampigia, habari ya ule mwamba nataka aisikie kwangu mwenyewe.

Mama