Ukitaka kuwa mkurugenzi wa sanaa kwenye matangazo, anza na karatasi

Wengi wanaotamani kazi ya ukurugenzi wa sanaa katika wakala wa matangazo huanza kwa kujifunza Photoshop, programu ya kuhariri picha. Utaihitaji kweli, pamoja na Illustrator ya kuchora na InDesign ya kupanga kurasa, na siku hizi ujue pia kukata na kuunga video. Lakini programu hujifunzwa kwa miezi michache, na peke yake haimpatii mtu ajira. Anayeajiri anatafuta mtu mwenye wazo na mwenye jicho: anayejua picha iseme nini, maneno yaseme nini, na kipi kiondolewe. Kwa hiyo sehemu kubwa ya muda wa mafunzo itumie kufikiri, ukiwa na karatasi na kalamu nene nyeusi.

Kalamu iwe nene kwa sababu haikuachii nafasi ya kuremba. Kwenye kompyuta wazo bovu huvishwa fonti nzuri na kivuli hadi likamdanganya hata aliyelitunga. Kwenye karatasi, mchoro wa mistari michache unaeleweka au haueleweki. Kunja karatasi ya A4 katikati mara tatu, ikunjue, utapata visanduku 8. Kila kisanduku ni tangazo moja. Jaza karatasi tano kwa kila kazi kabla ya kuchagua chochote, yaani michoro 40. Kumi ya mwanzo karibu yote itakuwa yale ambayo kila mtu angeyafikiria: balbu kwa maana ya akili, mizani kwa maana ya haki, mikono iliyoshikana kwa maana ya ushirikiano. Usiyazuie. Yachore yakutoke kichwani, kwa kuwa mapya huanza kuja yale yakishaisha.

Hata kabla ya kuchora, ikamue brifu ya mteja, yaani maelezo ya kazi anayoitaka, ibaki sentensi moja. Sabuni inayotoa madoa, inayonukia na inayolinda ngozi ni matangazo matatu, chagua moja. Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapokwama: mchoro unakosa nguvu, wanabadilisha rangi, wanabadilisha fonti, kumbe tatizo ni kwamba hawajaamua wanasema nini.

Tuchukue mfano. Bidhaa ni vizibo vya masikio, na sentensi yetu ni hii: kelele hazitakuamsha. Jaribio la kwanza la karibu kila mtu ni picha ya mtu aliyelala akitabasamu, juu yake maneno "Lala usingizi mtamu". Picha na maneno vinasema kitu kimoja mara mbili, na msomaji hana la kufanya. Sasa weka jogoo amejilaza hoi kwenye ukingo wa dirisha la chumba cha kulala, jua liko juu, na chini yake maneno madogo: "Aliwika tangu alfajiri." Pembeni, kijipakiti cha vizibo. Ziba picha kwa kiganja: maneno hayana maana. Ziba maneno: jogoo ni kitendawili. Viweke pamoja na bidhaa, msomaji anaunganisha mwenyewe na anafurahi kwa kuwa amegundua. Jaribio hilo la kiganja lifanye kwa kila kazi yako.

Kisha ulizia tangazo la pili na la tatu la wazo hilohilo. Kanuni ya wazo hili ni kwamba mpiga kelele ndiye anayechoka, si mlalaji. Basi jirani anayejifunza ngoma amesinzia juu ya ngoma yake. Saa ya kengele imekwisha betri. Ukiona la tatu linakuja bila kulazimishwa, una kampeni, yaani mfululizo wa matangazo ya wazo moja. Likikataa kabisa, una tangazo moja la kuchekesha, na hilo halitoshi.

Tafuta mapema mwandishi wa matangazo wa kufanya naye kazi. Kuwaweka mwandishi na mkurugenzi wa sanaa meza moja tangu mwanzo wa kazi ni utaratibu uliosimikwa na Bill Bernbach katika wakala wa Doyle Dane Bernbach, ulioanzishwa New York mwaka 1949. Zamani mwandishi alimaliza maneno yake kwanza, ndipo msanii akapewa ayapange. Matunda ya utaratibu mpya yanaonekana katika tangazo la Volkswagen la 1959, ambalo Helmut Krone alilipanga na Julian Koenig akaliandika: gari dogo limewekwa juu upande wa kushoto, na sehemu kubwa ya picha ni nafasi tupu. Lichore upya kwa rula. Pima picha inachukua sehemu gani ya ukurasa, kichwa cha maneno kiko wapi, safu tatu za maandishi zina upana gani. Halafu likuze gari lile lijaze ukurasa, uone wazo linavyokufa. Zoezi kama hilo, kwa matangazo mengi unayoyaheshimu, hufundisha jicho kuliko kukusanya picha nzuri kwenye folda.

Kwa upande wa ufundi, kila ukurasa uwe na kitu kimoja kinachoonekana kwanza. Punguza kazi hadi ukubwa wa stempu. Kama hujui jicho lianzie wapi, mpangilio bado. Kwa bango la barabarani maneno yasizidi saba hivi, maana dereva analipita kwa sekunde chache. Kazi ya kuchapa kwenye jarida iwe na picha za nukta 300 kwa inchi, rangi za CMYK (wino nne za uchapaji: samawati, magenta, njano na nyeusi), na milimita 3 za ziada kila upande ili mkasi ukiyumba pasibaki mstari mweupe. Maandishi madogo meusi yachapwe kwa wino mweusi peke yake: yakitengenezwa kwa wino zote nne, hitilafu ndogo ya mashine huyafanya yaonekane na ukungu. Video ya wima ya simu ni pikseli 1080 kwa 1920, na juu na chini acha nafasi, kwa kuwa vitufe vya programu hufunika sehemu hizo.

Potifolio, yaani mkusanyo wa kazi zako, ya kuombea ajira ni kampeni 5 au 6, kila moja yenye matangazo matatu hivi na angalau kitu kimoja kisicho bango wala ukurasa. Iliyo bora iwe ya kwanza, inayofuata kwa ubora iwe ya mwisho. Kwa kila kazi andika bidhaa, sentensi ya brifu, na nani alifanya nini. Epuka chapa ambazo matangazo yake tayari ni mazuri. Chukua gundi, bima, dawa ya meno, vitu ambavyo watu hudhani havina la kusemwa. Kampeni za hisani zisizidi moja, maana huzuni hupatikana kwa urahisi na haionyeshi kama unaweza kuuza kitu. Ukikosa brifu, mashindano ya New Blood ya D&AD, shirika la wabunifu na watu wa matangazo la London, hutoa kila mwaka brifu za wateja halisi kwa wanaoanza.

Mwisho, jifunze kupokea marekebisho. Mteja akisema nembo ikuzwe, anakueleza dawa. Wewe tafuta ugonjwa. Mara nyingi nembo haionekani kwa sababu imebanwa na vitu vingine au rangi yake imezama kwenye picha. Safisha pembeni yake kwanza, umwonyeshe, kisha ndipo mjadili ukubwa. Na unapompelekea mkurugenzi mbunifu, yaani msimamizi wa wabunifu katika wakala, potifolio yako, usimuulize kama ni nzuri. Muulize kampeni ipi angeiondoa. Wawili wakitaja ileile, itoe, ukafungue brifu nyingine.