Nimelipia cheti cha mauzo, ajira niliyoahidiwa ni kuuza hicho hicho cheti

SWALI: Shikamoo Anko. Mimi ni binti wa Mbagala, nimemaliza form six matokeo hayakunibeba nikasema ngoja nitafute kazi, maana nyumbani mdomo ninao na mama anasemaga ningeuza hata barafu Makete. Nikaona tangazo Instagram, soma wiki sita uwe ofisa mauzo mwenye cheti kinachotambulika kimataifa, ajira uhakika, ada laki nne na nusu. Mama akakopa kikoba. Anko darasa lenyewe ni grupu la WhatsApp, tunatumiwa PDF na voisi za kaka mmoja anatuambia tuamke saa kumi alfajiri tujiamini. Mtihani wa kuchagua jibu, tukafaulu wote. Nikauliza sasa ile ajira, naambiwa ipo, niwe "balozi" wa kozi, kila nitakayemleta akilipa napewa elfu hamsini!! Nimezungusha sivii, dada mmoja wa HR kakigeuza geuza cheti akaniuliza hiki ni cha wapi. Hela naweza kurudishiwa? Na cheti nikiweke kwenye sivii au nikichane tu?
Aliyechoka, Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu, na mpe pole mama, hela ya kikoba inauma kuliko hela nyingine yoyote kwa sababu wenzake wanaisubiri kila wiki.

Usichane kitu chochote kwanza. Tena leo leo kabla hujawagombeza wakakutoa kwenye grupu, piga skrinshoti tangazo lao lile lenye maneno "ajira uhakika", meseji ya muamala na ile meseji ya ubalozi, na zile voisi zihifadhi. Maana ukilalamika kozi ilikuwa mbovu watakujibu wewe ndo hukusoma, mtabishana mpaka mwakani. Ila waliandika ajira ipo na kumbe haipo, hapo hawana pa kutokea. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumdanganya mteja kuhusu anachouza, na wanaoisimamia ni Tume ya Ushindani, FCC. Waandikie hao wenye kozi barua fupi, nililipa kiasi hiki tarehe hii kwa ahadi hii, sijapewa, naomba hela yangu ndani ya siku kumi na nne. Wakikaa kimya peleka FCC, na kudai hela kama hiyo unaweza kufungua madai Mahakama ya Mwanzo, pale mambo ni kwa Kiswahili na unaweza kujisemea mwenyewe. Sikuahidi utaipata yote. Mara nyingi watu wa hivi wakiona barua ina tarehe na inataja FCC wanaanza kuongea lugha ya kurudisha nusu, hapo utaamua na mama.

Sasa hicho cheti. Hapa kwetu chuo cha ufundi stadi kinasajiliwa na NACTVET, baraza la serikali linalosimamia vyuo vya ufundi, na cheti kina ngazi yake inayojulikana, kwa upande wa ufundi stadi ngazi zinaitwa NVA, ya kwanza mpaka ya tatu, kwa vyuo kama CBE (Chuo cha Elimu ya Biashara) zinaitwa NTA na unaanzia ngazi ya 4. Orodha ya vyuo ipo kwenye tovuti ya NACTVET, unaitafuta ukiwa kitandani. "Kinatambulika kimataifa" bila kusema kinatambulika na nani ni maneno ya kujaza bango tu. Kama hawapo kwenye orodha basi ulichonacho ni karatasi ya semina, kwenye sivii iandike hivyo hivyo, chini kabisa, mafunzo mafupi ya mauzo wiki sita, na lile neno la kutambulika kimataifa litoe. Cheti cha mauzo cha bure kipo pia mtandaoni, HubSpot Academy wanatoa, ni Kiingereza na sidhani kama msambazaji wa Kariakoo atakiulizia, ila angalau hakijamfanya mtu akope kikoba.

Maana ukweli mwanangu, nenda kwa msambazaji wa sabuni au juisi au mikate useme natafuta kazi ya mauzo, atakuuliza wadhamini wako wako wapi na barua ya serikali ya mtaa, kama ni gari atauliza leseni ya udereva, basi. Wadhamini ndo cheti chao! Wanakukabidhi mzigo wa mamilioni, wanataka wajue wamkamate nani. Kwa hiyo hiyo nguvu ya kutafuta kozi nyingine ihamishie kutafuta watu wawili wa kukudhamini. Na ukiitwa usione aibu kuuliza, basic (mshahara wa kudumu) ni shilingi ngapi, kamisheni inaanzia kwenye target gani, na shoti (hela au mzigo ukipungua) ikitokea inakatwa kwa nani, mteja akikopa akahama je. Kuna vijana wanauza mwezi mzima halafu mwisho wa mwezi wanadaiwa wao.

Ule ubalozi usiuguse. Kulipwa kamisheni kwa kuuza kitu si kosa, nusu ya mji huu inaishi hivyo, ila wewe unajua hicho kitu hakina kitu ndani na bado unataka ukamuuzie binti wa jirani? Na kama hao utakaowaleta nao kazi yao itakuwa kuleta wengine, hapo tunaelekea kwenye upatu wa piramidi, ule wa hela ya wapya kuwalipa wa zamani, ambao ile ile Sheria ya Ushindani inaukataza. Waliopanda mbegu (yaani kuweka hela) kwenye upatu wa DECI mpaka serikali ikaufunga 2009 wanajua ninachosema.

SWALI: Anko mimi nataka kuuza bima, naambiwa lazima nisome kozi nilipie ndo nipate leseni. Ni wale wale?
Kijana, Morogoro

JIBU: Hapana, hiyo ni tofauti. Wakala wa bima anapewa leseni na TIRA, mamlaka ya serikali inayosimamia bima, na mafunzo ni sehemu ya masharti yao, yaani anayekidai hicho cheti siye anayekuuzia. Anza na kampuni ya bima unayotaka kuiuzia, waulize wanakubali cheti cha chuo gani na kama wanachangia ada, ndo ulipe.