Chambo za samaki besi (bass) Septemba mpaka Novemba, kwa mnaoanza kuvua huku Kentucky

Wadau mliohamia Louisville na miji ya jirani mkaanza kupenda uvuvi, kila baridi ikianza kunukia maswali ni yaleyale, ninunue chambo bandia gani, rangi gani, ile ya bei mbaya inashika kuliko ya bei rahisi? Mi naomba tuanzie kwingine kabisa, yaani usianze na duka, anza na yule samaki mdogo anayeliwa. Majira haya besi anakula kwa nguvu kabla maji hayajawa ya baridi kabisa, na kwenye mabwawa yetu makubwa chakula chake ni shadi, kasamaki ka rangi ya fedha kanakotembea makundi makundi, ukiyaona juu ya maji utadhani dagaa. Shadi akihama besi naye anahama. Kwa iyo ukishajua shadi yuko wapi na ana ukubwa gani, kazi ya kuchagua chambo imebaki ndogo sana.

Maji ya juu yakipoa shadi wanatoka sehemu pana za bwawa wanaingia kwenye vihori, yale mabonde ya vijito vya zamani yaliyofunikwa na maji bwawa lilipojazwa, afu wanazidi kusogea ndani kadiri wiki zinavyoenda. Septemba watafute mdomoni mwa hori, Oktoba katikati, na mwisho wa Oktoba mara nyingi wako kule nyuma kabisa kwenye maji ya kiunoni. Utawajua tu, maji yanachezacheza kama kuna mvua ndogo na ndege wa kuvua wamekaa karibu. Hori usiloona shadi hata mmoja, toka nenda lingine, hata kama ni pazuri namna gani.

Sasa ukubwa. Shadi waliozaliwa mwaka huo kipindi hiki wengi wanakuwa inchi 2 mpaka 3, na wewe ukirusha kitu cha inchi 6 katikati ya kundi la vitoto mara nyingi unapuuzwa. Watu wengi wanahangaika na rangi wakati shida yao ni saizi. Rangi ni rahisi, maji yakiwa safi ya kuona chini tumia fedha, nyeupe au zile zinazopitisha mwanga, maji yakiwa na tope kidogo weka nyeupe iliyochanganyika na njano-kijani inayong'aa, imeisha hiyo.

Nunueni kipimajoto cha maji, kuna vya bei ndogo tu, maana ndo kitakachowaambia mbadilishe chambo lini. Maji yakiwa kati ya nyuzijoto 70 na 60 za Fahrenheit (21 mpaka 16 za Selsiasi) ni wakati wa vitu vinavyokwenda haraka: asubuhi na kukiwa na mawingu tumia chambo ya juu ya maji inayoyumba kulia kushoto, jua likipanda badilisha uweke krenkibeiti (chambo ngumu ya umbo la samaki inayozama ukiivuta) ya maji ya kina kifupi, ile yenye mdomo wa mraba. Hii krenki msiogope kuigongesha kwenye magogo, ndo kazi yake! Irushe ipite palepale kwenye kisiki au jiwe, igonge, na ikishagonga simamisha mkono kidogo tu, besi wengi wanapiga sekunde ileile inapobadilisha njia. Ukiivuta kwenye maji matupu ni chambo moja katikati ya shadi elfu wa kweli, besi akuchague wewe kwa lipi?

Siku ya upepo msikimbilie upande uliotulia. Upepo unasukuma vijidudu vidogo wanavyokula shadi, shadi wanafuata, afu mawimbi yanavunja mwanga na besi anapoteza tahadhari, hapo funga spinabeiti (chambo ya waya yenye vibati vinavyozunguka) nyeupe ya robo tatu ya aunsi au nusu na upige ukingo unaopigwa na upepo. Kama kuna kitu kimoja ningemwachia mtu mgeni majira haya ni hiyo spinabeiti, haikwami ovyo kwenye miti na inafanya kazi karibu kila rangi ya maji.

Kuna kipindi kitawakatisha tamaa, mjue mapema. Maji ya juu yakipoa sana yanakuwa mazito yanazama, yanachanganyika na yale ya chini ambayo hayana hewa, bwawa linabadilika rangi na saa nyingine linatoa harufu. Siku hizo samaki wanatawanyika na hakuna chambo ya muujiza. Nendeni juu kabisa mto unapoingilia, huko maji yanatembea na hayajapatwa na hilo, au nendeni bwawa lingine.

Wanaokwenda Kentucky Lake waangalie na kimo cha maji. Ukuta wake ulikamilika 1944 kwenye mto Tennessee, na TVA, shirika la serikali ya Marekani linalosimamia mto huo, wanalishusha kila mwaka kutoka futi 359 juu ya usawa wa bahari za kiangazi mpaka 354 za majira ya baridi, kwa iyo vichaka ulivyovuna samaki Mei vinakuwa nchi kavu. Besi anarudi nyuma kwenye kona za mkondo wa zamani na visiki vilivyobaki majini, hapo jigi (ndoano yenye kichwa kizito) ya kahawia yenye mkia wa umbo la kamba, yule wa majini mwenye makucha, inafanya vizuri kuliko krenki.

Wakenya mtasema besi mmewahi kumvua Naivasha, ni kweli, aliletwa kule kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920, ila kule anakula sana kamba wa Louisiana waliopandwa 1970 na hakuna baridi ya kumhamisha, ndo maana mbinu za kule peke yake hazitoshi Oktoba ya huku.

Na wale wa vidimbwi vya mjini ambako shadi hakuna? Huko besi anakula visamaki vya mviringo na kamba, achaneni na fedha, tumieni kijani-kahawia. Tafuteni majani ya majini ambayo bado ni mabichi, yanayooza yanamaliza hewa na samaki wanayakimbia.

Maji yakishuka chini ya 50 (kama 10 za Selsiasi), kawaida Novemba inaelekea kuisha, punguzeni mwendo. Jerikibeiti nyembamba (chambo ya umbo la kasamaki inayovutwa kwa kushtua) kwenye mshipi wa florokaboni, aina ya plastiki inayozama, vuta mara mbili, acha, hesabu mpaka tano, hata kumi, anapiga ikiwa imesimama. Wenye boti wakiona shadi wamekaa chini sana washushe chambo ya chuma ya umbo la kijiko wima juu yao. Wenye kayaki vaeni jaketi la kuokolea kuanzia nchi kavu, maji ya Novemba yanakata pumzi mara tu unapoanguka.

Leseni ya Kentucky inaanza Machi 1 na kuisha siku ya mwisho ya Februari, na inahitajika kuanzia miaka 16. Ukiinunua Oktoba inakupa miezi mitano tu, ila miwili ya mwanzo ndo hii minono.