Kabla hujabonyeza "hifadhi"

Wadogo zangu mnaoanza msimu huu kupima mashamba ya korosho kwa simu, karibuni kazini. Nimezunguka Tandahimba, Newala na Masasi kwa misimu kadhaa nikichukua pointi, yaani namba za mahali zinazohifadhiwa na simu kwenye kila kona ya shamba, na makosa mengi niliyoyaona, yangu na ya wenzangu, yalitokana na haraka ya kubonyeza "hifadhi".

Kwanza mjue simu inafanya nini. Satelaiti za GPS, ambazo ni za Marekani, zinazunguka dunia zikiwa juu yetu kilomita 20,200 hivi, na kila moja inatangaza saa yake na mahali ilipo. Simu inaangalia mawimbi yamechukua muda gani kufika, ndipo inajua umbali. Inahitaji satelaiti nne kwa uchache: tatu za kujua mahali, na ya nne ya kusahihisha saa ya simu yenyewe, maana haina usahihi wa zile za kule juu. Simu nyingi za sasa zinapokea pia GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China.

Hapo hakuna bando linaloliwa. Nalisisitiza hili kwa sababu nimeshakutana na vijana waliorudi mjini bila kazi kisa kijiji hakina mtandao. Bila data simu huchelewa tu mwanzoni, kwa kuwa inabidi isubiri taarifa kutoka angani, na satelaiti hurudia taarifa za njia yake kila sekunde 30. Simama mahali peupe, subiri dakika chache, itashika. Kinachokula bando ni picha ya ramani, nayo unaipakua usiku ukiwa bado gesti.

Sasa mkorosho. Matawi yake yanashuka mpaka karibu na ardhi na majani yake ni mapana. Chini yake mawimbi hudhoofika, na mengine hufika yakiwa yameshagonga kitu kingine kwanza, kwa hiyo simu inadhani imetembea wakati umesimama. Uwanjani peupe simu nzuri hukosea kama mita 5. Chini ya mkorosho mkongwe nimeona programu ikiandika 18, hata 25, na lile duara la buluu kwenye ramani, linaloonyesha simu inaweza kuwa imekosea kiasi gani, limetanuka likafunika miti minne.

Kuna bibi mmoja wa Tandahimba niliyempimia shamba jua likiwa linazama. Nilipita mpakani nikijibanza chini ya miti, kila kona nabonyeza na kuondoka. Nilipomaliza nikampa simu aone mchoro. Akautazama kimya, akapitisha kidole kwenye kioo, kisha akaniuliza: "Mjukuu wangu, minanasi yangu umeiacha wapi?" Ule mstari wa minanasi ndio mpaka wake, ulipandwa na marehemu mumewe. Mchoro wangu ulikuwa umeingia ndani, ukamwachia jirani mikorosho mitatu inayozaa.

Fanyeni hesabu muone uzito wake. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Shamba la ekari moja lililo mraba lina upande wa mita 64 hivi. Ukisogeza upande mmoja kwa mita 10 umemwondolea mtu kama mita za mraba 640, karibu sehemu ya sita ya shamba lake. Kesho yake alfajiri nilirudi, nikamwomba radhi, tukazunguka upya, yeye mbele mimi nyuma.

Tangu hapo kila kona natafuta upenyo kwenye mstari wa mpaka, nasimama, nangoja duara lipungue na namba zitulie, ndipo nabonyeza. Pasipo na upenyo nachukua pointi mahali peupe palipo karibu, napima kwa futikamba hadi kwenye kona, na kuandika daftarini. Na mwenye shamba lazima atembee nami, kisha auone mchoro kabla sijaaga. Zimeni pia ile hali ya kuokoa chaji mnapopima, kwa sababu kwenye simu nyingi inapunguza kazi ya GPS. Heri kubeba pawabenki.

Kuhusu namba zenyewe: ya kwanza ni latitudo (kaskazini au kusini ya ikweta), ya pili longitudo (mashariki au magharibi). Sisi tuko kusini ya ikweta, latitudo yetu ina alama ya kutoa. Masasi mjini ni kama -10.72, 38.80. Ukisahau hiyo alama, shamba la mtu limehamia Ethiopia. Ukitanguliza longitudo, limezama bahari ya Atlantiki, magharibi ya Ureno. Andikeni tarakimu tano baada ya nukta. Ya tano ni kama mita moja, lakini ukiishia ya tatu unacheza na mita 110.

Majina ya mahali nayo yanapoteza. Ukiandika Mnazi Mmoja ukitaka njia panda ya Mingoyo, pale barabara za Masasi na Mtwara zinapoachana, simu inaweza kukupeleka Dar es Salaam. Magomeni ya Mtwara ni hivyo hivyo. Tumianeni pointi, msitumiane jina tupu.

Walio karibu na mto Ruvuma, mpakani, waangalie saa. Simu ikinasa mtandao wa Msumbiji inarudi nyuma saa moja, na fomu yako itaandika muda usio wa kweli. Pointi haiharibiki.

Halafu kuna njia. Wakati wa kifuku simu inachora mstari mzuri unaokatisha bondeni, na haijui kwamba kivuko cha magogo kilisombwa juzi. Nikifika njia panda nisiyoizoea natia simu mfukoni, nasalimia vijana wa bodaboda, nauliza kama njia inapitika leo. Wakisema zunguka, nazunguka, hata kama ni saa nzima.